Dakika Kumi za Ngomeni: Historia ya Kusikiliza Vyombo vya Anga kwenye Ikweta ya Kenya

Mji wa Turbo, ulio takriban kilomita 35 kaskazini-magharibi mwa Eldoret kando ya barabara kuu na reli ziendazo Webuye na Malaba, umekaa kilomita 70 hivi kaskazini mwa mstari wa Ikweta. Kwa sababu ya nafasi hiyo, mashamba ya mahindi na misitu ya kupandwa inayouzunguka imekuwa, tangu Desemba 1970, chini ya njia ya vyombo kadhaa vya kisayansi vilivyoigeuza kabisa elimu ya nyota. Maana satelaiti inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na Ikweta huendelea kuizunguka dunia juu ya ukanda mwembamba wa nchi zilezile, na Uasin Gishu imo ndani ya ukanda huo. Satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, ilipita kati ya nyuzi 3 kaskazini na nyuzi 3 kusini na kumaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96. Dunia nayo ikiwa inajizungusha chini yake kuelekea upande uleule, satelaiti hiyo ilikatiza anga ya Turbo mara 14 hivi kila siku, usiku na mchana, hadi ilipoanguka na kuungua katika hewa mwezi Aprili 1979.

Historia ya Kenya katika mambo ya anga za juu imezoea kusimuliwa kama historia ya roketi: tisa zilizobeba satelaiti, zote zikafanikiwa, kutoka majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini kaskazini mwa Malindi kati ya mwaka 1967 na 1988. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha nje sehemu iliyo kubwa zaidi na iliyodumu zaidi. Roketi huwaka kwa dakika chache ikanyamaza milele, ilhali chombo ilichokipeleka huishi miaka, na katika miaka hiyo yote lazima pawepo watu ardhini wa kukisikiliza, kukiuliza hali yake, kupakua kilichokusanywa na kukipa maagizo ya saa zijazo. Kazi hiyo ya kila siku, isiyopigwa picha na isiyohutubiwa na mawaziri, ndiyo iliyoifanya pwani ya Kilifi iendelee kuwa na maana kwa wanasayansi muda mrefu baada ya majukwaa yake kuacha kurusha, na ndiyo inayostahili kuandikiwa historia yake.

Chimbuko la mambo lilikuwa Italia. Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Sapienza mjini Roma, alisimamia mradi ulioitwa San Marco, na mwaka 1962 nchi yake ikaafikiana na Marekani kwamba Waitalia wangefunzwa kurusha roketi za Marekani za aina ya Scout, kisha wazirushe wenyewe kutoka baharini karibu na Ikweta. Sababu ya kuichagua Ikweta ilikuwa ya kimaumbile. Ardhi ya Ikweta husafiri kuelekea mashariki kwa mwendo wa mita 465 hivi kwa sekunde kutokana na mzunguko wa dunia, na roketi inayoelekea huko huondoka ikiwa imekwisha kupata mwendo huo bila gharama, jambo lenye uzito mkubwa kwa roketi ndogo kama Scout. Ghuba ya Ungwana, mkabala na kijiji cha Ngomeni, ilifaa kwa kuwa ilitazamana na bahari tupu upande wa mashariki. Jukwaa la Santa Rita, lililokuwa limetumika katika utafutaji wa mafuta, lilivutwa hadi huko, na mwezi Machi 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, likarusha roketi ndogo za kupima hewa ya juu. Baadaye likaja jukwaa la San Marco lenye mtambo wa kurushia, Santa Rita likabaki kuwa chumba cha uongozi, na nyaya zilizolazwa chini ya maji zikayaunganisha hayo mawili. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 iliondoka hapo, ikiwa na chombo alichokibuni Broglio cha kupima jinsi hewa nyembamba ya kimo kile inavyokisukuma na kukipunguzia mwendo chombo kinachopita.

Miaka mitatu baadaye ndipo ulipokuja urushaji uliolipa eneo hilo jina katika vitabu vya elimu ya nyota. Eksirei ni mnururisho wenye nguvu nyingi kuliko mwanga wa kawaida, na kwa bahati njema ya viumbe hai hewa ya dunia huzizuia zisifike chini, kwa hiyo yeyote anayetaka kuziona zile zinazotoka kwenye nyota hana budi kupeleka kipokezi juu ya hewa. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya American Science and Engineering huko Cambridge, Massachusetts, alikuwa pamoja na wenzake wamegundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua, kwa kutumia roketi iliyokaa juu ya hewa kwa muda usiozidi dakika sita. Elimu nzima ilikuwa ikijengwa kwa vipande vya dakika kama hizo, na Giacconi aliona kwamba haingesonga mbele mpaka kipatikane chombo cha kutazama mfululizo kwa miezi. Chombo hicho, chenye uzito wa kilo 142 hivi, kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, saa saba na dakika 53 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi huo na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa dhamana kama hiyo nchini Marekani, alikipa jina la Uhuru kwa heshima ya Wakenya waliokuwa wenyeji wa urushaji.

Hapa inafaa kueleza jinsi chombo hicho kilivyofanya kazi siku hadi siku, kwa sababu utaratibu wake ndio msingi wa yote yaliyofuata. Uhuru ilijizungusha polepole kwenye mhimili wake, mara moja kwa dakika 12 hivi, na vipokezi vyake viwili vilivyotazama pande zinazopingana vikafagia ukanda mmoja wa anga. Mhimili wenyewe uligeuzwa kwa amri kutoka ardhini, zilizopitisha umeme katika nyaya zilizosokotwa ndani ya chombo ili usumaku wake usukumane na usumaku wa dunia. Data zilizokusanywa katika kila mzunguko zilihifadhiwa kwenye kanda ya sumaku, kisha zikapakuliwa kwa kasi mara chombo kilipofika juu ya kituo cha kupokelea. Kituo hicho hakikuwa Ngomeni. Kilikuwa karibu na Quito, mji mkuu wa Ekwado, ambako NASA ilikuwa na mtambo katika mtandao wake wa kufuatilia satelaiti, na ambao kama Ngomeni uko jirani na Ikweta. Kutoka huko taarifa zilikwenda Marekani, wanasayansi wa Cambridge wakazichambua na kuamua mhimili uelekezwe wapi tena.

Uzito wa utaratibu huo unaonekana katika kile ulichokifichua. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilionekana kupigapiga kila baada ya sekunde 4.8, jambo ambalo roketi ya dakika chache ingeweza labda kulibahatisha. Lakini kwamba chanzo hichohicho hufichika na kujitokeza tena kila baada ya siku 2.1, kwa kuwa ni nyota ya nyutroni inayoizunguka nyota nyingine na kujificha nyuma yake, lisingejulikana kamwe bila data za mizunguko mingi iliyofuatana, kila mmoja ukiwa umepakuliwa salama na kuwekewa saa yake sahihi. Nyota ya nyutroni ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, kilichogandamana hata kikawa na kipenyo cha kilomita 20 hivi tu. Uhuru iliona pia mnururisho wa Cygnus X-1 ukichezacheza bila mpango kwa muda mfupi mno, dalili iliyosaidia kukifanya chanzo hicho kiwe cha kwanza kusadikiwa kuwa na shimo jeusi, na ikabaini gesi yenye joto kali katika makundi makubwa ya galaksi. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na ni haki kusema kwamba sehemu ya tuzo hiyo ilitokana na uvumilivu wa mafundi wa zamu ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote.

Satelaiti nyingine zilifuata kutoka majukwaa yaleyale. SAS-2 ya kuchunguza miale ya gama ilirushwa Novemba 1972 na ikanyamaza Juni 1973 baada ya mfumo wake wa kugawa umeme kuharibika, onyo la mapema kwamba kasoro moja ndogo mahali asipofika fundi humaliza kazi nzima. Ariel 5 ya Uingereza ilikwenda Oktoba 1974, na SAS-3 Mei 1975. Baada ya San Marco 5 kuondoka tarehe 25 Machi 1988, mitambo ya kurushia haikutumika tena kupeleka satelaiti, na wengi wakadhani kwamba shughuli za Ngomeni zimekwisha. Kumbe zilikuwa zimebadilika sura. Kwenye kambi ya nchi kavu kulikuwa na antena, na antena hizo zilikuwa mahali ambapo hakuna chombo cha Ikweta kinachoweza kukwepa kupita.

Maana ya jambo hilo inadhihirika ukifuatiliwa mpito mmoja, yaani kile kipindi ambacho chombo huwa juu ya upeo wa macho wa kituo. Ichukuliwe satelaiti iliyo kimo cha kilomita 550 ikitokea magharibi. Inapokaribia anga ya Mbandaka, kwenye Mto Kongo, ndipo inapoanza kuchomoza kwa kituo cha Ngomeni, ikiwa bado mbali kilomita 2,700 hivi. Antena, ambayo imekwisha kuelekezwa mahali hasa itakapotokea kwa kufuata hesabu za njia yake, huinasa ishara yake na kuanza kuifuata. Katika dakika mbili imefika Kisangani, dakika mbili nyingine inaikaribia Kampala, na punde kidogo iko juu ya Turbo, ambapo kwa mtazamaji wa Ngomeni imekwisha kupanda zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo. Kutoka Turbo hadi usawa wa pwani inachukua dakika moja na nusu tu, safari ambayo kwa basi humaliza siku nzima. Kisha inaingia juu ya Bahari ya Hindi, inapita kaskazini mwa Shelisheli na kuzama. Yote hayo huchukua dakika 13 kutoka upeo hadi upeo, lakini ishara zilizo karibu mno na ardhi huvurugwa na hewa na vizuizi, kwa hiyo muda unaotegemewa ni dakika 10 hivi. Dakika hizo kumi zikizidishwa kwa mipito 14 hutoa saa mbili na dakika 20 kwa siku. Kwa muda uliobaki, ambao ni zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za siku, chombo kiko peke yake.

Upweke huo unafanana na ule wa dereva wa treni kwenye reli ya njia moja iliyofika Eldoret mwaka 1924 na kuendelezwa kupitia Turbo kuelekea Uganda: ruhusa ya kuingia sehemu iliyofuata alipewa na mkuu wa stesheni, na akishaondoka hapakuwa na njia ya kumwambia lolote mpaka afike stesheni nyingine. Vivyo hivyo amri zote za chombo cha anga, kuanzia saa ya kugeuka hadi saa ya kuzima kipokezi, huandikwa mapema, hukaguliwa, hupakiwa wakati wa mpito na kutekelezwa chombo kikiwa hakisikiki. Kwa upande wake chombo hutuma kwanza taarifa za afya yake, ambazo kwa jumla huitwa telemetria: joto la betri, nguvu ya umeme kutoka kwenye paneli za jua, mwendo wa magurudumu ya kugeuzia, na kama amri zilizopita zilipokewa bila kosa. Baada ya hapo, au sambamba na hapo, hupakua data za kisayansi.

Matatizo ya dakika hizo kumi ni ya aina nyingi, na baadhi yake hayaepukiki kwa uhodari wowote. Chombo kikiwa upeoni huwa mbali karibu mara tano kuliko kikiwa utosini, na kwa kuwa nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, ishara yake hufika ikiwa hafifu zaidi ya mara 20. Mwendo wake wa kilomita saba na nusu kwa sekunde huyabana mawimbi yanapokuja na kuyanyoosha yanapoondoka: kwa masafa ya megahezi 136 yaliyotumiwa na satelaiti za kisayansi za enzi ya Uhuru tofauti hiyo ilikuwa kilohezi tatu hivi, lakini kwa masafa ya takriban megahezi 2,200 yaliyozoeleka baadaye hufika kilohezi 50, na mtambo usioyafuata mabadiliko hayo sekunde kwa sekunde hupoteza ishara katikati ya upakuaji. Hewa ya juu nayo haitulii, bali huvimba Jua linapochafuka na kukichelewesha au kukiwahisha chombo, kwa hiyo hesabu za njia lazima zirudiwe mara kwa mara, la sivyo antena itatazama mahali pasipo na kitu. Juu ya hayo yapo matatizo ya mahali penyewe, kwani Ngomeni ni pwani ya chumvi, karibu na mashamba yanayoivuna, na chuma cha mahali hapo huliwa na kutu pasipo huruma.

Lipo pia suala la saa. Saa ya ndani ya chombo huenda mbele au nyuma kidogo kadiri joto linavyobadilika kati ya upande wa jua na upande wa kivuli. Chombo cha NuSTAR, ambacho hupima nyota zinazopigapiga mara nyingi kwa sekunde, husahihishwa saa yake kwa kuilinganisha na saa za vituo vya ardhini, kikuu kikiwa Ngomeni, wakati wa mipito, na baada ya masahihisho hayo kosa hubaki chini ya sehemu moja kwa elfu kumi ya sekunde. Kwa hiyo kituo cha Ngomeni hakipokei data tu, bali pia ni kipimo cha wakati, na saa yake ikikosea, nyota ndizo zinazoonekana kukosea.

Enzi ya kusikiliza ilianza kwa ukamilifu na BeppoSAX, satelaiti ya Italia iliyoshirikisha pia Uholanzi na kupewa jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini. Ilirushwa kutoka Florida tarehe 30 Aprili 1996, kwenye njia iliyoinama nyuzi 4 tu, na tangu mwanzo kituo chake cha kudumu kilikuwa Ngomeni. Kumbukumbu yake iliweza kubeba megabiti 450 kwa mzunguko, nazo zilipakuliwa kila ilipopita, kisha zikapelekwa Roma kupitia satelaiti ya mawasiliano ya Intelsat. Muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 28 Februari 1997, vyombo vyake vilinasa mlipuko wa miale ya gama, aina ya mmweko wa sekunde chache uliokuwa fumbo kwa miaka 30 kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ulitoka umbali gani. Taarifa ya mlipuko huo ilibaki ndani ya chombo hadi mpito uliofuata. Ilipofika Roma, wanasayansi wa zamu waliitambua, wakapanga amri mpya, wakazituma kupitia kituo kilekile, na saa nane baada ya mlipuko darubini za eksirei za BeppoSAX zikawa zimegeuzwa kutazama mahali penyewe. Zikaona mabaki ya mlipuko yakififia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Darubini za mwanga zilielekezwa huko nazo, na kufikia Mei mwaka huo, kwa mlipuko mwingine ulionaswa na satelaiti hiyohiyo, ikathibitika kwamba miale hiyo hutoka kwenye galaksi za mbali mno.

Saa nane zilikuwa ushindi mkubwa wakati ule, lakini pia zilionyesha kikomo cha mawasiliano ya kituo kimoja. Njia mojawapo ya kukivuka kikomo hicho ilikuwa satelaiti za kupokezana, zilizowekwa juu sana ili ziweze kuviona vyombo vya chini karibu muda wote. Marekani ilikuwa nazo tangu miaka ya 1980, ila mpango wake wa awali uliacha pengo juu ya Bahari ya Hindi. Chombo cha Compton cha kuchunguza miale ya gama kilipoharibikiwa na vinasa data vyake mwaka 1992, kikawa hakina budi kutuma kila kitu papo hapo, na ilibidi kujengwe mtambo wa ziada karibu na Canberra, Australia, ili yale yaliyopotea katika pengo hilo yapungue. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, ilipangwa kwa kuzingatia mafunzo ya pande zote mbili. Inapoona mlipuko huamua yenyewe kugeuka, bila kusubiri binadamu, na huutazama kwa darubini zake baada ya dakika moja au zaidi kidogo. Tangazo fupi la mahali ulipotokea hupita kwenye satelaiti za kupokezana na kuufikia ulimwengu mzima kwa sekunde, ilhali wingi wa data husubiri na kupakuliwa Ngomeni, kisha ukaenda kwenye kituo cha uongozi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Kwa kuwa njia yake imeinama nyuzi 20.6, Swift haipiti kwenye upeo wa Ngomeni kila mzunguko, na wapangaji wake hulazimika kuhesabu vizuri nafasi ya kumbukumbu iliyobaki.

AGILE ya Italia, iliyorushwa kutoka India tarehe 23 Aprili 2007 kwenye njia iliyoinama nyuzi 2.5, ilikuwa mteja mwaminifu zaidi, maana kila mzunguko wake ulikuwa na mpito wa Ngomeni. Gurudumu lake la kugeuzia liliposhindwa kazi mwaka 2009, wahandisi waliiacha izunguke kama pia na kuifagia anga badala ya kuitazama sehemu moja, na katika hali hiyo ya ulemavu ndipo ilipogundua, mwaka 2010, kwamba Nebula ya Kaa, iliyokuwa ikitumiwa na wanasayansi kama kipimo kisichobadilika, huwa na vipindi vya kung'aa ghafla kwa miale ya gama. Ilifanya kazi hadi mwanzoni mwa mwaka 2024. NuSTAR ya mwaka 2012 huongozwa kutoka Berkeley, California, na IXPE ya Desemba 2021 huongozwa kutoka Boulder, Colorado. Zote mbili zimeifanya Ngomeni kuwa kituo chao kikuu. Njia ya IXPE imeinama kwa sehemu ya nyuzi moja tu, hivyo nchini Kenya hupita juu ya mstari wa Ikweta wenyewe, karibu na Maseno na Nanyuki, na haifiki juu ya Turbo, ingawa mtu aliye Turbo angeiona juu sana upande wa kusini kama macho yangeweza kuiona.

Ikiwa faida ya mahali imekuwa kubwa kiasi hicho, ni haki kuuliza imegawanywaje. Kwa miongo mingi mchango wa Kenya ulikuwa ardhi, bahari, ulinzi na mikono ya wafanyakazi, huku data zikipita juu ya vichwa vya wenyeji kwenda Roma na Marekani, na maswali juu ya kodi ya pango, mafunzo na haki ya kutumia taarifa yaliulizwa mara kwa mara bungeni na magazetini. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi. Chuo kikuu kilichofundisha elimu ya nyota kingeweza kupata humo nchini mwake data za vyombo bora kabisa vya wakati wake, na haikuwa hivyo. Mkataba wa 1995 kati ya Kenya na Italia ulifuatwa na mwingine uliotiwa saini mjini Trento Oktoba 2016, ambao ulitaja wazi mafunzo, upatikanaji wa data, kituo cha kikanda cha kuitazama dunia, tiba ya masafa na msaada kwa Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa mwaka 2017. Mwezi Mei 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Sapienza, iliachiliwa kutoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Satelaiti ya Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya na kutengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, nayo imeleta tatizo ambalo Uhuru na BeppoSAX hazikuwa nalo. Kazi yake ni kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira, na chombo cha namna hiyo hupelekwa kwenye njia inayokatiza karibu na ncha za dunia, ili kila nchi ije kupita chini yake. Kwa njia kama hiyo faida ya Ikweta hugeuka kuwa hasara: kituo kilichoko Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwe, hukiona chombo hicho karibu kila mzunguko, ilhali kituo cha Kenya hukiona mara chache tu kwa siku, mara moja moja au mbili zikifuatana asubuhi, kisha tena jioni. Satelaiti ya kuyatazama mashamba ya Uasin Gishu inahitaji basi ama kukodi masikio ya nchi za kaskazini, ama kubeba kumbukumbu kubwa na kusubiri zamu yake, na wahandisi wanaopanga satelaiti zitakazoifuata wanapaswa kuamua mapema, kabla ya skrubu ya kwanza kukazwa, data zake zitashukia wapi.